Mzazi, Je, Kijana Wako Hukuambia?



Mara nyingi wazazi hunisimamisha nje ya kanisa baada ya Misa, au hunifuata wodini wakiwa wamekuja kumwona mgonjwa mwingine kabisa. Wakishanisalimia huanza kuzungukazunguka. "Sista, nilitaka kuuliza, kijana akiwa na macho mekundu kila jioni, inaweza kuwa malaria?" Huenda ni macho tu yanayouma. Lakini mimi na yeye tunajua anachouliza. Kwa hiyo mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia dawa za kulevya kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, na hasa sehemu ya mzazi katika kuzizuia, maana hiyo ni kazi ambayo hospitali haiwezi kuifanya kwa niaba yake.

Nianze na mgonjwa mmoja. Sitamtaja jina wala kijiji chake. Alikuwa kijana wa miaka 16, aliyeletwa kwetu kwa mtumbwi wa injini kutoka kambi ya wavuvi kisiwani, amefungwa kamba mikono na miguu. Kwa siku nne alikuwa halali, anazungumza na watu wasioonekana, na alikuwa amemtishia mdogo wake kwa panga akiamini kwamba anataka kumwua. Walikuwa wamekwisha kupita kwa mganga, mbuzi wawili wameuzwa, na vidonda vya kamba vilikuwa vimeanza kutunga usaha. Tulipomwuliza baba yake kama kijana anavuta bangi, alikasirika. "Mwanangu namjua," alisema. "Nyumbani kwangu hakuna mtoto anayethubutu."

Mama wa kijana alikaa kimya akiangalia sakafu. Jioni, mume wake alipotoka kutafuta chakula, alinifuata kwenye meza ya dawa akaniambia kwamba yeye alijua tangu mwaka uliotangulia. Dada wa kijana alijua. Mjomba wake alijua. Hata mwalimu alijua. Hakuna aliyemwambia baba, kwa kuwa wote waliogopa angempiga kijana mpaka amvunje. Hivyo katika nyumba ya watu saba, yule mwenye uwezo wa kukata shauri ndiye pekee ambaye hakujua.

Nimeuguza vijana wengi wa namna hiyo, lakini kisa hiki ndicho kinachonirudia kila ninapoulizwa tufanye nini. Wazazi huniuliza juu ya harufu, rangi ya macho, na maganda ya karatasi mfukoni. Mimi huanza kwa kuwauliza swali jingine: kijana wako akipatwa na jambo, humwambia nani?

Hebu kwanza tuseme wazi ni vitu gani tunavyovizungumzia. Watu wengi wakisikia dawa za kulevya hufikiri juu ya unga tu, yaani heroini, wakaona ni mambo ya Dar es Salaam na Zanzibar. Unga upo hata hapa Mwanza. Lakini kijana wa Igogo, Kirumba, Sengerema au Ukerewe kwa kawaida haanzi na unga. Huanza na pombe na sigara, kisha bangi. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba tangu tarehe 1 Machi 2017, na tulipumua, lakini gongo ilibaki pale pale na chupa ndogo za pombe kali bado zimo madukani. Kuna mirungi kwa madereva na makondakta. Kuna watoto wa mitaani wanaonusa gundi na petroli. Kuna tumbaku ya kutafuna iitwayo kuberi, ambayo mtoto huificha chini ya mdomo hata darasani. Na siku hizi kuna vidonge vya kutuliza maumivu makali, kama tramadol, vinavyonunuliwa bila cheti cha daktari. Mzazi akikuta vidonge asivyovijua, avilete tuvitazame. Asivitupe chooni kwa hasira, maana tukishajua ni vidonge gani tunajua pia la kufanya.

Kwa nini tunahangaikia umri huu hasa? Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka kama miaka 25, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya mbele, inayopima hatari na kuzuia tamaa. Kijana wa miaka 14 ana nguvu za kuendesha, lakini breki bado hazijafungwa vizuri. Bangi ikiingia katika umri huo huharibu kumbukumbu na usikivu darasani, na kwa baadhi yao, hasa wale ambao katika ukoo wamewahi kupata ugonjwa wa akili, huweza kuamsha wazimu kama ule wa kijana wetu wa kisiwani. Pombe nayo ni hivyo hivyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa takriban mara nne zaidi wa kuwa watumwa wa pombe kuliko walioanza wakiwa na miaka 20 na zaidi. Kwa hiyo mzazi akifaulu kuchelewesha tu, hata kwa miaka michache, amefanya kazi kubwa ya kinga.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakisema kwamba kijana hukingwa na mzazi anayejua mwanawe yuko wapi, yuko na nani na anatumiaje fedha. Hilo ni kweli. Wengi walielewa kwamba mzazi hupata kujua hayo kwa kupeleleza. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uswidi, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walichapisha kazi yao juu ya vijana 703 wa miaka 14 pamoja na wazazi wao. Walitaka kujua habari hizo wazazi wanazipata wapi. Jibu lilikuwa kwamba kwa sehemu kubwa wanazipata kwa sababu kijana mwenyewe anasimulia kwa hiari yake. Kupeleleza na kuhojihoji kulichangia kidogo. Na vijana waliowasimulia wazazi wao ndio waliokuwa na matatizo machache.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule baba. Hakuwa mzazi mzembe, la hasha. Alikuwa mkali, anarudi nyumbani mapema, halewi. Lakini ukali wake ulikuwa umefunga midomo yote ya nyumba yake, na mlinzi asiyepewa habari hawezi kulinda.

Hapa baadhi ya kina baba watasema, "Kwa hiyo nesi anataka tuwaachie." Hapana. Nyumba ya kuachia nayo naiona wodini. Naona mama anayempa kijana fedha ili asipige kelele, na baba anayesema "siku hizi watoto wana haki zao" kisha akaenda zake. Mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind alianza kuchunguza namna za malezi katika miaka ya 1960. Alikuta wazazi wanaoamuru bila kueleza wala kusikiliza, wapo wanaopenda bila kuweka mpaka, na wapo wanaoweka mpaka imara huku wakieleza sababu na kumsikiliza mtoto. Alipochapisha habari za vijana hao mwaka 1991, waliotoka nyumba za aina hii ya tatu ndio waliojiepusha zaidi na dawa za kulevya. Mpaka na usikivu viwe pamoja. Kimoja peke yake hakitoshi.

Wala jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Kisukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni uani ambapo wanaume wa boma walikaa na vijana wao, wakala, wakasimuliana habari za siku. Kijana alisahihishwa pale, lakini pia alisikilizwa. Baba alijua ng'ombe waliingia shamba la nani kwa sababu kijana alisema mwenyewe, kabla jirani hajafika kushitaki. Leo wengi wetu tuko Mabatini au Buhongwa katika vyumba viwili, na hakuna uwanja wa kuwasha moto. Baba hutoka saa 11 alfajiri, mama yuko sokoni hadi usiku, na watoto hula kila mmoja kwa wakati wake mbele ya televisheni au simu. Siwalaumu wanaotafuta riziki. Nasema tu kwamba kazi ya shikome bado ipo, na isipofanywa na mzazi itafanywa na wenzake kijiweni.

Nami nilijifunza haya kwa makosa. Mwanangu wa mwisho alipokuwa na miaka 14, nilitoka zamu ya usiku asubuhi moja nikawa nafua, nikasikia harufu ya sigara katika shati lake la shule. Nilimwita pale pale uani, mbele ya majirani, nikamsema kwa sauti iliyofika barabarani. Hakujibu neno. Kwa muda wa wiki tatu alikuwa akinisalimu "Shikamoo mama" na hakuongeza lolote. Ukweli niliupata kwa shangazi yake: kwamba wakubwa kwenye banda la video walikuwa wanawalazimisha watoto wavute ndipo wapewe nafasi ya kukaa, na kwamba siku ile alikuwa amekusudia kuniambia. Nilikwenda kukaa naye. Nilimwambia kwamba sigara hairuhusiwi nyumbani kwetu na haitaruhusiwa, lakini kumwaibisha mbele ya watu nilikosea. Banda la video likakoma. Kuzungumza kukaanza tena, polepole, mara nyingi tukiwa tunachambua mchele au tunatembea, maana vijana wa kiume husema vizuri zaidi wasipotazamwa usoni.

Hilo la mwisho mlishike. Usimwite kijana "njoo hapa tuzungumze juu ya dawa za kulevya". Atafunga mdomo. Mwulize juu ya mambo ya kawaida kila siku, ili siku ya jambo zito njia iwe imekwisha kulimwa. Akikuambia kwamba rafiki yake amejaribu bangi, usiruke ukamkataza kukutana na rafiki huyo dakika ile ile. Kwanza mwulize, "Na wewe ulisemaje?" Mara nyingi hiyo habari ya rafiki ni kijana anapima kina cha maji, anataka kuona utafanyaje. Ukivumilia habari ndogo, utaletewa na kubwa.

Upande wa mipaka, mambo machache yanatosha, lakini yasimamiwe na wazazi wote wawili. Saa ya kurudi nyumbani ijulikane. Kijana akitoka aseme anakwenda wapi na kwa nani. Akivunja, adhabu iwe ile iliyotajwa tangu awali, kama kunyimwa simu au matembezi, wala isitegemee kama baba ameamka na hasira. Juu ya fimbo najua tunatofautiana. Nitasema ninachokiona: kijana wa miaka 15 anayepigwa vibaya hulala kwa rafiki, na kwa rafiki ndiko bangi iliko.

Kuna jambo jingine ambalo linatuuma sisi wazazi. Mtoto wa miaka 8 anatumwa dukani kumnunulia baba sigara. Binti anafunga shule na kuuza gongo ya mama, naye ndiye anayeonja kujua kama imekolea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia mtoto pombe na sigara, lakini mwenye duka atasema, "Ametumwa na baba yake." Kwenye kipaimara na komunyo ya kwanza tunawapangia watoto meza yao, kisha mtu mzima mwenye furaha anapita na kuwamiminia bia kidogo, "leo sikukuu". Baba anayekunywa hawezi kumdanganya mwanawe kwamba pombe ni sumu. Anaweza kumwambia ukweli: mimi ni mtu mzima, nakunywa kiasi hiki, na ninyi watoto hapana. Akiwa amekwisha kushindwa kujizuia, aseme na hilo. Nimewahi kumwona baba akimwambia mwanawe kitandani, "Mimi pombe imenishinda, sitaki ikushinde wewe." Sijaona somo lililosikilizwa kama lile.

Familia za kando ya ziwa zina mtihani wao wa pekee. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku wa giza, kwa karabai zamani na sasa taa za betri. Mvulana wa miaka 13 akienda kuvuta nyavu anarudi na fedha taslimu asubuhi, na watu wazima ndani ya mtumbwi humpa bangi au gongo wakisema inaondoa baridi na woga. Haiondoi baridi. Pombe hupanua mishipa ya damu kwenye ngozi, mtu akajisikia moto huku mwili unazidi kupoteza joto, na akianguka majini hawezi kuogelea sawasawa. Kisha zinakuja siku za mbalamwezi. Dagaa hawavuliwi, kambi imejaa watu wasio na kazi wenye fedha, na vibanda vya pombe viko hatua chache. Nikitazama nyuma, wengi wa vijana tuliowapokea kutoka visiwani walianzia hapo. Mzazi anayesema "acha aende, analeta mboga" afanye hesabu yote. Kama hali ya nyumbani inamlazimu kijana mkubwa kufanya kazi wakati wa likizo, basi aende na ndugu anayeaminika, arudi nyumbani siku za mbalamwezi, na fedha yake ijulikane inakwenda wapi.

Je, malezi yakibadilika, vijana hubadilika kweli? Ushahidi upo. Huko Isilandi, kisiwa cha kaskazini ya Ulaya, mwaka 1998 vijana 42 katika kila 100 wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa angalau mara moja katika mwezi mmoja. Kufikia mwaka 2016 walikuwa 5 katika kila 100. Walifanya mengi, pamoja na michezo ya jioni inayolipiwa na serikali, ambayo sisi hatuna uwezo nayo yote. Lakini wazazi walifanya lao pia: walikutana mashuleni na kuandikiana mapatano ya pamoja, kwamba mtoto hapewi pombe katika nyumba yoyote, na kwamba saa ya kurudi ni moja kwa wote. Wa miaka 13 hadi 16 hawaonekani nje baada ya saa 4 usiku wakati wa majira ya baridi. Hapo kijana hawezi tena kusema "wenzangu wote wanaruhusiwa". Jumuiya ndogo ndogo yenye nyumba 12 inaweza kupatana hivyo kwa jioni moja, bila shilingi hata moja.

Karibu zaidi nasi, Afrika Kusini ilijaribu mafunzo ya wazazi pamoja na vijana wao wa miaka 10 hadi 18, vipindi 14, kwa familia 552 maskini za jimbo la Eastern Cape. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kupigwa na kutukanwa kulipungua, usimamizi wa wazazi uliongezeka, na matumizi ya pombe na dawa za kulevya yalipungua kwa vijana na kwa wazazi wenyewe. Mafunzo hayo yameletwa Tanzania kwa jina la Furaha Teens, na watafiti, wakiwemo wa NIMR hapa Mwanza, wameyajaribu pia kwa njia ya simu ya mkononi katika mkoa wetu. Moja ya mambo ya kwanza wanayofundisha ni mzazi kutenga muda wa kukaa na kijana wake, wakifanya jambo alilolichagua kijana.

Na kama kijana amekwisha kuanza? Dalili mnazijua: kuachana ghafla na marafiki wa zamani, utoro, vitu vya nyumbani kupotea, usingizi wa mchana, macho mekundu, hasira zisizo na sababu. Lakini dalili moja peke yake haimhukumu mtu, maana hata huzuni na ugonjwa huleta hayo. Subiri hasira yako ipoe, na wewe mwenyewe uwe hujanywa, kisha mwambie ulichokiona na kwamba una hofu. Usimwite mvuta bangi mbele ya wadogo zake, kwa sababu jina likishabandikwa huwa halibanduki. Akianza kuona au kusikia yasiyokuwapo, au kutishia watu, hiyo ni dharura ya hospitali, kama homa kali. Kamba na minyororo huongeza vidonda na woga. Akiwa amelewa hajitambui, mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe, usimwache peke yake, na mwite mtu wa kusaidia kumfikisha hospitalini.

Hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili. Kwa waliozama katika unga, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure hutoa dawa ya methadoni bila malipo, na mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Arosto, yaani mateso ya kuacha unga, si utukutu wala pepo. Ni mwili unaodai kitu ulichozoeshwa. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina simu ya bure namba 119. Kumleta mgonjwa hospitalini si kumpeleka polisi, na sisi wauguzi tunafungwa na siri ya mgonjwa.

Yule kijana wa kisiwani alilala kwetu wiki tano. Siku ya kumi daktari aliwakalisha baba, mama na kijana pamoja, na mama akasema yote aliyokuwa ameyaficha. Baba alitoka nje akakaa muda mrefu chini ya mwembe. Aliporudi alimwuliza mwanawe swali moja tu, nani alikupa mara ya kwanza, na kijana akamjibu: alikuwa mwenye mtumbwi, rafiki wa baba. Kijana alirudia bangi mara moja baada ya kutoka, na safari hiyo aliyemleta ni baba yake, siku ya pili tu, bila kamba.

Mzazi anayetaka kuja na kijana wake aje naye asubuhi siku ya kliniki, wakiwa wamekunywa chai, na dawa zozote alizokuta azifunge kwenye karatasi azilete. Na amweleze kijana wanakokwenda. Wengi huwadanganya kwamba wanakwenda kumsalimu bibi, na tukishaanza kwa uongo huo kazi yetu huchukua miezi zaidi.